Kibao Kilipogeuka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta juu ya ngazi, nje ya duka la viatu, nimebakiza herufi za mwisho tu. Nilishuka mbio nimekumbatia kopo la rangi kama mtoto mchanga. VIATU VYA HESHIMA vikabaki VIATU VYA HESHI, na chini yake michirizi myekundu mpaka kwenye msingi. Mwenye duka alisimama mlangoni akacheka hadi akashika mbavu. Alisema hana haraka, heshima itamaliziwa jua likirudi.

Masika ndiyo msimu wetu wa njaa sisi waandishi wa vibao. Rangi ya mafuta na ukuta uliolowa ni kama mke na mume waliochokana: unawaweka pamoja asubuhi, jioni kila mmoja ameshika njia yake.

Jioni dada amerudi kazini na habari. Yeye ni mwanasheria wa halmashauri ya jiji. Kanuni za mabango ya biashara zinaandikwa upya, za sasa ni za kale kuliko sisi wote wawili, na kamati imeundwa. Dada ni katibu wake. Yeye ndiye atakayeandika rasimu. Mama alisema basi nyumba hii itakuwa na binti mmoja anayeandika vibao na mwingine anayeandika sheria ya vibao, na yeye atakaa katikati asome vyote bila miwani. Tulicheka.

Dada ameniomba nimtembeze mtaani Jumamosi, nimfundishe. "Nataka niandike kitu ambacho hata wewe ukikisoma utatikisa kichwa useme ndiyo," aliniambia.

Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha. Tangu baba afariki, dada hajaniuliza neno kuhusu kazi hii.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kutwa. Nimeosha brashi zilizokuwa safi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumetembea barabara nzima ya soko, mimi na dada, mwavuli mmoja. Nilishika futi ya kupimia upande huu, yeye upande ule. Alipiga picha kwa simu na kuuliza maswali mazuri: rangi hii inakaa masika mangapi, kwa nini maandishi mengine yanasomeka kutoka mbali na mengine hayasomeki, nani anaamua ukubwa. Nilikuwa nimesahau jinsi dada anavyosikiliza. Akikuuliza kitu anakuangalia mdomoni, kama vile jibu linaweza kudondoka akalikosa.

Kwa kinyozi tulikaa sana. Ukuta wake ndio kazi yangu kubwa: vichwa vya wanaume vimepangwa safu, kila kimoja na mkato wake wa nywele. Kinyozi alimwambia dada kwamba wateja wake wengi hawajui kueleza wanachotaka, wanatoka nje, wanagusa kichwa ukutani, wanarudi kukaa. Dada alipoanza kupima vile vichwa, kinyozi aliomba asivipime kwa upana, watu watadhani anawachongea majeneza.

Halafu nikampeleka kwa Herufi. Jina hilo tulimpa sisi mafundi wenzake, kwa sababu kila anapoandika lazima herufi moja au mbili zimpotee. Ndiye aliyeandika SALUNI YA KISA badala ya YA KISASA. Mwenye saluni alikataa irekebishwe, maana wanawake walikuwa wakiingia kuuliza ni kisa gani, na wakishaingia wanasukwa. Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Tulipokuwa tunarudi aliniomba nimwonyeshe na vibaya: rangi zilizobanduka, kuta zilizoandikwa juu ya maandishi ya zamani mpaka hakisomeki kitu. "Nikipeleka vizuri tu," alisema, "wataniona nina upendeleo." Nikaona ni kweli. Nikamwonyesha vyote, hata vyangu.

Jumatano, 12 Machi

Jua lilitoka kidogo, nikakimbilia kwa kinyozi kurekebisha sikio la kichwa kimoja lililoliwa na unyevu. Mguu wa ngazi uliteleza kwenye tope. Ngazi ikaondoka, mimi nikabaki nimening'inia kwenye chuma cha mfereji wa bati, miguu hewani. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake nyuma na povu nusu uso, wakanishika miguu wakanishusha. Tulicheka sana sote watatu, kile kicheko cha watu wanaotetemeka.

Kiganja changu kimechunika. Nyumbani nimemwambia dada peke yake, jikoni, mlango umefungwa. Mama hapaswi kujua. Baba alianguka hivi hivi, masika, kutoka kwenye ngazi hii hii ya kazi, akavunjika nyonga. Alilala kando ya dirisha miaka kadhaa hadi alipotutoka. Mimi nilikuwa bado mdogo nasoma bweni. Dada ndiye aliyebaki naye.

Alinisafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Alisugua hata palipokwisha kuwa safi. Nikamtania kumtuliza, nikasema, "Dada, leo hii ngazi nimeichoka." Hakucheka. Alifunga kitambaa akakaza fundo, akaniambia nisimwambie mtu mwingine.

Tulikaa pale jikoni kama tulipokuwa watoto tumevunja sahani.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Kiganja kinawasha, maana yake kinapona.

Alhamisi, 20 Machi

Leo tumekutana kwenye banda la Herufi, mafundi wote wa vibao wa mtaani na wenye maduka kadhaa. Bati lilikuwa linapigwa na mvua mpaka mtu akitaka kusema anasimama karibu na anayemwambia. Tangazo la halmashauri linasema wadau wana hadi mwisho wa mwezi huu kufika mbele ya kamati kutoa maoni. Herufi alipendekeza tuchague watu wawili waende. Kinyozi alijitolea kuwa mmoja.

Nikasimama. Dada alikuwa amenieleza juzi kwamba wazee wa kamati hawapendi watu wa kelele, kwamba wakija mafundi na wenye maduka kwa jazba wataharibu alichokwisha kujenga. "Niachieni mimi," alisema. "Nikiwa ndani nitasema polepole, na nitasema mpaka waelewe." Nikayarudia maneno yake banda zima lisikie. Nikasema dada ni mtoto wa fundi vibao, amekulia kwenye harufu ya rangi, ameupita mtaa huu kwa miguu yake. Hakuna mtu bora wa kutuwakilisha kuliko yeye.

Kinyozi aliniuliza, kwa upole tu, "Unamdhamini?"

"Namdhamini kama ninavyojidhamini mwenyewe," nikajibu.

Basi yakaisha hapo. Herufi alisema kama ni hivyo hatuna haja ya kupoteza nauli, tunywe chai. Tukanywa chai.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Mtaro wa nyuma umeziba, nimeuzibua kwa fimbo ya ufagio. Dada amekaa kikao hadi jioni.

Jumatano, 2 Aprili

Dada anarudi kachoka siku hizi, uso umemsawajika. Nikimuuliza kamati inaendaje, anasema inaenda. Nikimuuliza kama wanamsumbua, anasema kila mtu ana maoni yake. Namwona anavyopigana peke yake na wazee wale, halafu anarudi hataki kutubebesha mzigo. Leo nimempigia pasi nguo zake za wiki nzima na kumwekea maji ya moto ya kuogea. Alisimama mlangoni ananiangalia ninavyopiga pasi. Akasema, "Acha, mdogo wangu, nitapiga mwenyewe." Nikamwambia anayetupigania ana haki ya kupigiwa pasi.

Aliingia chumbani akafunga mlango.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Dada ameanza kulia chakula chumbani. Mama anasema ni homa.

Alhamisi, 17 Aprili

Rasimu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri. Herufi ndiye aliyenipigia simu, sauti imemkauka. Nimeikuta karatasi imelowa pembeni, watu wanasukumana. Nimesoma mara ya kwanza harakaharaka, mara ya pili kwa kidole.

Maandishi na michoro yote ya biashara juu ya kuta yanapigwa marufuku. Kila duka litakuwa na bango la umbo moja na ukubwa mmoja, la kuchapwa kwa mashine, likifungwa na kampuni zenye leseni. Kuta zote za barabara ya soko zirudishwe rangi nyeupe. Sababu zimetajwa: usafi wa mandhari, rangi zinazobanduka, usalama wa wanaopanda ngazi.

Chini kuna picha za mfano wa uchakavu. Nimezitambua zote. Mimi ndiye niliyesimama pembeni nimeshika mwavuli zilipopigwa. Moja ni ule ukuta wangu wa duka la mikate nilioandika mwaka ule nilipokuwa najifunza.

Jioni nilimsubiri dada barazani. Nilimuuliza wamemfanyaje. Nilisema hivyo hasa: wamekufanyaje. Akaniangalia muda, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Kamati ndiyo iliyoamua," alisema. "Wengi ndio wenye neno."

Nikamwambia asijilaumu. Nikamshika bega.

Ijumaa, 18 Aprili

Kwenye banda la Herufi kulikuwa moto. Mmoja alisema picha zile zimetolewa na nani kama si dada yangu. Nikamjibu kwa ukali, nikasema dada alikusanya vizuri na vibaya, mwenyekiti ndiye aliyechagua vibaya. Huyu mwenyekiti wa kamati ni mhandisi mstaafu, mzee mrefu anayetembea na koti hata jua likiwaka. Sijawahi kuzungumza naye, lakini leo nimemchukia kama ninayemjua. Nikawaambia mafundi kuna kikao cha wazi Alhamisi, kila mwananchi ana ruhusa kusimama. Mimi nitasimama, nitamwambia mwenyekiti usoni.

Kinyozi alikuwa ametupa mgongo. Alikuwa anaangalia mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Nimeandika nitakayosema. Nimemsomea mama. Mama amesema nipunguze matusi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika taratibu, ili nisiruke kitu.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa, watu walilowa, sakafu ikawa tope. Kamati ilikaa mbele kwenye meza ndefu, mwenyekiti katikati, dada mwisho wa meza na karatasi zake. Aliponiona naingia na wenzangu aliinamisha kichwa, nikadhani ni huruma.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Sikupunguza matusi kama mama alivyotaka, ila niliyavalisha nguo. Nilisema kuna watu wanaokaa ofisini hawajawahi kushika brashi, wanaamua juu ya mikono ya wengine. Nilimwambia mwenyekiti kwamba angetusikiliza kwanza angejua kibao cha mkono ni nini kwa mtu asiyesoma vizuri, angemuuliza kinyozi. Nikasema kuna waliojaribu kututetea ndani ya kamati na yeye akawazima. Watu walipiga makofi. 

Mwenyekiti hakukasirika. Alivua miwani akaiweka mezani. Alisema kwanza kwamba walisubiri mafundi mwezi mzima wa tatu, viti viliwekwa, hakuna aliyekuja. Walipomuuliza katibu, aliwaeleza kwamba mafundi wamemwachia yeye aseme kwa niaba yao, na kwamba wao wenyewe wameichoka ngazi.

Kisha akasema haya, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza, si anayejitetea:

"Binti yangu, mimi nilitaka vibao vyenu vibaki. Wenzangu wawili hapa nao walitaka. Katibu ndiye aliyetugeuza. Alitusimulia jinsi baba yake alivyoanguka, akaoza mgongo kitandani. Akatuambia na mdogo wake, mwezi huo huo wa tatu, alining'inia juu ya bati akashushwa na kinyozi. Nilimwonea huruma huyo mdogo mtu. Nikabadilisha kura yangu kwa ajili yake."

Hakujua kwamba anazungumza naye.

 Watu wa mtaani wote waligeuka kuniangalia, maana wao walijua. Kinyozi alifumba macho. Mimi nilimwangalia dada. Alikuwa anapanga karatasi, anazigonga mezani zilingane kingo, anazigeuza, anazigonga tena.

Baba hakuoza mgongo. Dada alimgeuza kila siku asioze. Huo ulikuwa usafi wake, fahari yake, na nimemsikia akisema mara ngapi kwamba baba aliondoka na ngozi kama ya mtoto. Sasa ameukana hata huo, mbele ya wageni, ili hoja yake iwe na uzito.

 Niliketi. Herufi ndiye aliyesimama baada yangu, akasema, kwa sauti ya kukwama, kwamba mafundi hawajamtuma mtu kusema wameichoka ngazi. Mwenyekiti akaandika. Wengine wakasema yao. Sikusikia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua ikinipiga. Dada hakuwa amerudi.

Ijumaa, 25 Aprili

Asubuhi kulikuwa na upenyo wa jua, dada alikuwa uani anaanika nguo. Nikachukua upande wa pili wa shuka, kwa mazoea tu, tukalinyoosha.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ungeniambia."

Alibana shuka kwa kibanio, akakosa, akabana tena. Akasema hakupanga mwanzoni. Tulipotembea Jumamosi ile alikuwa na nia njema, na kicheko chake kwa Herufi kilikuwa cha kweli. Ni siku ile nilipoingia jikoni na kiganja kimechunika ndipo alipoona hakuna njia nyingine ya kunishusha. Angenibembeleza ningekaidi, kama baba alivyokaidi. Basi akaamua kuiondoa ngazi yenyewe.

"Wewe ulikuwa bweni," alisema. "Mimi ndiye niliyemwosha baba. Kila siku, mwili mzima, na yeye anageuza uso ukutani kwa aibu. Sikutaka nije nikuoshe na wewe."

Maneno hayo yaliniingia, siwezi kusema hayakuniingia. Kisha nikamuuliza kuhusu cheo. Mtaani wanasema kazi ya kamati ikiisha vizuri, dada anapandishwa kuwa mkuu wa idara ya sheria, na nyumba ya halmashauri juu yake. Alisema hilo lilikuja lenyewe.

Sijui lipi lilitangulia. Nimekaa kutwa nikipima, na nadhani yeye mwenyewe hajui. Lakini hata kama ni upendo mtupu, bila cheo, bila nyumba, bado alichukua ulimi wangu akaenda kuutumia mahali ambapo mimi sikuwepo. Alinifanya niwazuie watu wangu mlangoni ili yeye apite peke yake. Angekuwa mgeni ningemwita adui na ningelala. Sasa nimwite nani?

Mama amesikia yote kupitia dirisha. Hivyo ndivyo alivyojua kuhusu ngazi. Hakunigombeza. Alikuja akaniomba kiganja, akakifunua, akakitazama mbele na nyuma.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Hakuna aliyepiga simu.

Jumanne, 6 Mei

Kanuni zimepitishwa. Yale maneno ya Herufi yamezaa kitu kidogo: vibao vya mkono vitaruhusiwa kama vimeandikwa juu ya bati, kwa kipimo cha halmashauri, hapo chini bila ngazi, na kufungwa na wenye leseni. Kuta hazijapona. Zinafutwa kabla mwezi haujaisha.

Nimepita mtaani. Salamu zinaitikiwa, lakini ni zile salamu za kuitikia ukiwa umeshageuka. Mwenye duka la viatu ameniambia nisijisumbue kumalizia, kwa vile ukuta utafutwa. Kwa kinyozi niliingia nikakaa kwenye kiti cha kusubiria kama mteja. Alimaliza kichwa alichokuwa nacho, akakung'uta kitambaa. Nilimwambia nilimwamini dada, sikujua. Akasema anajua kwamba sikujua.

"Lakini mimi nilitaka kwenda," alisema. "Nilikuwa nimeshafua shati."

Akamwita mteja mwingine kitini. Ningependa angenitukana.

Ijumaa, 9 Mei

Leo dada amegonga mlango wa chumba changu, jambo ambalo hajawahi kufanya, huwa anaingia tu. Halmashauri inaajiri watu wa kupaka chokaa kuta za soko. Ameniombea niwe msimamizi wa kikosi. Alisema mshahara ni mzuri, na kazi nyingi ni ya brashi ndefu, miguu iko chini. Alisema hivyo kwa uso uliofunguka kidogo, kama mtu aliyeleta zawadi na anangoja ifunguliwe.

Nilimwomba alitoe jina langu. Akaniuliza kwa nini. Nilimwangalia nikagundua anauliza kweli, hajui. Hapo ndipo kitu kilipovunjika ambacho ukumbini hakikuvunjika. Kule niliona mtu aliyenidanganya. Hapa nimeona mtu ambaye, akirudishiwa nafasi, atafanya yale yale na atadhani amenifaa.

Alhamisi, 15 Mei

Herufi amekuja nyumbani. Ameketi barazani, amekataa chai, amekataa tena, halafu amekunywa vikombe viwili. Amepokea ile kazi ya chokaa. Ana watoto wanasoma. Alisema ataanza Jumatatu na ukuta wa kinyozi umo.

"Nimekuja nikuambie mimi," alisema, "usije ukapita ukanikuta."

Nilimshukuru. Nilimshukuru sana mpaka akaona haya, akaanza kuniuliza habari za mtaro wetu. Hajui alichonifanyia. Anaenda kunifutia kazi yangu kubwa kuliko zote, na amenifanyia uungwana ambao ndugu yangu wa tumbo moja hakuuweza.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imeanza kuchoka. Nilikwenda kwa kinyozi nikasimama ng'ambo ya barabara. Herufi alianza kutoka kushoto. Chokaa ya kwanza haikufunika, vichwa vilionekana kwa chini kama watu ndani ya ukungu. Ya pili ikawameza. Mteja mmoja alitoka nje na taulo shingoni, akaangalia ukuta, akarudi ndani. Sijui alimwambia nini kinyozi.

Sikulia. Niliangalia jinsi Herufi anavyovuta brashi, na mkono wake umetulia siku hizi.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeandika kibao cha kwanza cha bati, sakafuni sebuleni, nimepiga magoti. Ni cha fundi saa. Magoti yanauma namna ambayo ngazi haikuwahi kuniuma. Mama alikaa kwenye kochi akisoma kila herufi inapokauka.

Kinyozi amenunua bango la mashine, la taa. Sikumlaumu.

Jumamosi, 31 Mei

Dada amehama leo. Nyumba ya halmashauri iko upande wa pili wa jiji. Mama amekataa kwenda naye, amesema ataenda kumtembelea viatu vikikauka.

Sikupanga kusaidia. Nilikuwa chumbani nimefunga mlango, nawasikia wakitoa vitu. Lakini dereva wa gari la mizigo ana mgongo mbovu, kijana wake hakuja, na kabati la nguo la dada ni mbao ngumu. Mama alinigongea. Aligonga tu, akasubiri.

Tulilinyanyua, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine. Uani kumebaki utelezi wa kijani wa mvua za miezi yote hii, na mtaro umewekewa ubao mwembamba wa kupitia. Kwa jinsi mlango ulivyo, mmoja lazima atembee kinyumenyume. Dada ndiye aliyekuwa upande huo.

Tangu ile siku ya zawadi yake hatujazungumza zaidi ya salamu. Sasa ilibidi. Kabati lilimziba uso, nilichokiona ni vidole vyake tu kwenye kingo, vimekuwa vyeupe kwa kukaza.

"Umeshika?" akauliza.

"Nimeshika."

Akaanza kurudi nyuma. Hakugeuza shingo hata mara moja. Alivuta mguu, akasubiri sauti yangu, akauweka. Nikawaza jinsi ilivyo rahisi: ningenyamaza tu. Si kusukuma, si kuachia. Kunyamaza, kama yeye alivyonyamaza nilipokuwa nampigia pasi.

Mama alikuwa mlangoni ananiangalia.

"Kushoto kidogo," nikasema. "Hapo kizingiti. Sasa shuka. Ngoja. Ubao huo umelowa, weka kisigino kwanza."

Tukavuka hivyo hivyo hadi kwenye gari. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Lakini kila palipokuwa na utelezi, nilimwambia.